Maziwa nyepesi: ni maji ao ni chakula ya ngombe?

Tangu kiangazi kianze, malalamiko imezidi ku biro yetu ya kontrole ya maziwa hapa Bukavu. Wanunuzi wa Kadutu na Nyawera wanasema maziwa iko nyepesi, eti muuzaji ametia maji, nao wafugaji wa Kabare na Walungu wanajibu kwamba ni majani, ngombe anakula matete na migomba ndiyo maana maziwa yake inakuwa maji maji. Pande zote mbili zinachanganya mambo.

Kitu ambacho chakula inageuza sana ndani ya maziwa ni mafuta. Majani yenye nyuzi ngombe anayacheua, vijidudu vya tumbo la kwanza vinayachachusha na kutoa asidi ile ile iliyo ndani ya siki, na kiwele kinaitumia kutengeneza mafuta. Sasa wewe ukimjaza dreshi (mabaki ya nafaka) ya kiwanda cha bia na unga wa mahindi juu unataka litre mingi, litre itapanda kweli, lakini kucheua kunapungua na mafuta inaweza kutoka karibu 4 kwa mia ikashuka mpaka 3 ao chini ya hapo. Dreshi ni chakula nzuri, hatuikatazi, ila angalau nusu ya chakula ibaki majani ao nyasi kavu, na yenye ukungu itupwe, sawa na mahindi yenye ukungu, sababu sumu yake inapita mpaka mu maziwa na kuchemsha haiiondoi. Protini inashuka kidogo ngombe akishinda njaa. Sukari ya maziwa karibu haisogei. Rangi ya njano inatoka ku majani mabichi, kwa hiyo maziwa nyeupe ya kiangazi si ushahidi wa wizi, tafadhali muache kutukana wamama sokoni.

Lakini wafugaji nao wasikilize vizuri. Mafuta iko nyepesi kuliko maji, kwa hiyo chakula ikipunguza mafuta, laktodensimetri (chombo cha kupima uzito wa maziwa) inapanda, haishuki! Maziwa ya kawaida inasoma kama 1,028 mpaka 1,032 ku digri 20, na ukiongeza maji sehemu 10 kwa mia inashuka karibu 0,003. Basi ukikamatwa na 1,024 usituletee tena habari ya matete, tumeshaeleza hii mara nyingi.

Kontrole inapitia hivi: maziwa inakorogwa kwanza, inaachwa itulie povu iishe, tunapima joto sababu maziwa ya moto inasoma chini, kisha tunapima uzito mbele ya mwenyewe. Ikiwa chini, tunachukua chupa mbili, zinafungwa na kupigwa muhuri, moja inabaki kwa muuzaji, PV (ripoti ya kontrole) inaandikwa na yeye anasaini, akikataa kusaini tunaandika amekataa. Ana haki ya kuomba tufike kwake, ngombe wale wale wakamuliwe mbele yetu mpaka tone la mwisho (la mwisho ndilo lina mafuta mingi, usikamue nusu), tulinganishe na ile ya kwanza. Maziwa hizo mbili zikifanana, dosye inafungwa. Zikipishana sana, bidoni inamwagwa na amandi (faini) inalipwa ku banki kwa noti ya malipo. Ajenti akiomba franga mkononi, usimpe, chukua jina lake uje ku biro.