Kura ya Nchi Ndogo Ndani ya Benki ya Maendeleo

Waziri wa fedha anapohudhuria mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia au wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB), kwa kawaida huwa pale kama gavana wa nchi yake ndani ya benki hiyo. Gavana mbadala, ambaye mara nyingi ni gavana wa benki kuu au katibu mkuu wa hazina, hupiga kura pale tu gavana mwenyewe anapokosekana. Magavana wa nchi zote kwa pamoja ndio chombo cha juu kabisa. Kuna mambo ambayo mkataba unawakataza kumkabidhi mtu mwingine, yakiwemo kupokea au kusimamisha mwanachama na kuongeza mtaji. Kazi ya kila siku, yaani kupitisha mikopo, sera, bajeti na kujadili mkakati wa kila nchi, wameikabidhi kwa bodi ya wakurugenzi watendaji wanaokaa makao makuu mwaka mzima. Anayetaka kujua nchi yake ina sauti kiasi gani aanzie kwenye bodi hiyo.

Kwanza, hesabu ya kura. Kila nchi ina kura za msingi, zinazogawiwa sawa kwa wote, na kura za hisa, moja kwa kila hisa. AfDB hutoa kura 625 za msingi kwa kila mwanachama. Wanachama wakiwa 81, kura zote za usawa ni 50,625, ilhali kura za hisa ni mamilioni. IBRD, chombo mama cha Kundi la Benki ya Dunia, ilianza na kura 250 za msingi kwa kila nchi, na mwanzoni hizo zilikuwa zaidi ya 10% ya kura zote. Mtaji ukawa unaongezwa huku 250 zikibaki 250, mpaka fungu hilo likashuka chini ya 3%. Mageuzi yaliyofuata yaliweka asilimia badala ya idadi: kura za msingi sasa ni 5.55% ya kura zote, hata mtaji ukipanda vipi. Zikigawanywa kwa wanachama 189, kila nchi inapata takriban 0.03%. Marekani peke yake ina karibu 16%, na kwa kuwa mkataba wa IBRD haubadilishwi bila 85% ya kura, inaweza kuzuia badiliko lolote la mkataba hata wengine wote wakikubali.

Hisa nyingi hununuliwa wakati wa nyongeza ya mtaji. Mwaka 2019 magavana wa AfDB waliidhinisha mtaji upandishwe kutoka dola bilioni 93 hadi bilioni 208. Katika nyongeza hiyo, 6% tu ndiyo ya kulipwa taslimu. 94% ni ahadi ambayo benki inaweza kuidai ikishindwa kuwalipa wanaoidai. Hapa ndipo nchi huteleza. Chukua benki yenye hisa 10,000 ambamo nchi ina 100, sawa na 1%. Mtaji ukiongezwa mara mbili na nchi hiyo isichukue hisa ilizotengewa, itabaki na hisa zake 100 katika 20,000, yaani 0.5%. Hakuna aliyeinyang'anya kitu. Bajeti haikutenga fedha, muda ukapita, na nusu ya uzito wake ikaondoka.

Pili, kiti. Bodi ya AfDB ina wakurugenzi 20: 13 kwa nchi 54 za Afrika na 7 kwa nchi 27 za nje ya bara. Benki ya Dunia ina viti 25. Marekani, Japani, China, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza zina kiti kila moja. Afrika kusini mwa Sahara ina vitatu, cha tatu kikiwa kimeongezwa mwaka 2010. Kimoja ni cha Angola, Nigeria na Afrika Kusini. Kenya, Tanzania na Uganda zimo katika kundi moja la nchi 22 zinazotumia kiti kimoja kwa pamoja. Wakurugenzi wa Benki ya Dunia huchaguliwa kila baada ya miaka 2, kwa hiyo zamu ya ukurugenzi ikizunguka kwa usawa, kila nchi ya kundi hilo itakipata kiti mara moja tu katika miaka 44.

Kwa sababu hiyo, hati muhimu kuliko zote kwa nchi ndogo ni makubaliano ya kundi lake. Nchi zenyewe hupatana nani atakuwa mkurugenzi, nani mkurugenzi mbadala, nani atapata nafasi za washauri, na kwa utaratibu gani. Mshauri anayetoka nyumbani ana thamani kubwa: anasoma nyaraka mapema, anajua wizara ipi ya kuulizwa, na anakaa katika ofisi inayoandika kauli ya kundi, yaani msimamo ambao mkurugenzi huutoa mbele ya bodi. Nchi inayoacha nafasi ya mshauri ipite, au inayopeleka mtu asiyejua miradi yake, inapoteza zaidi ya heshima.

Kuna kanuni nyingine isiyojulikana sana. Katika IBRD na AfDB, mkurugenzi hupiga kura zote za kundi lake kama fungu moja, hawezi kuzigawa. Nchi 20 zikiunga mkono mradi na 2 zikiupinga, kura zote za kundi zitaenda upande mmoja, na kilichobaki kwa zile 2 ni kuomba pingamizi lao litajwe kwenye kauli. Benki ya Maendeleo ya Asia na Benki ya Ulaya ya Ujenzi Mpya na Maendeleo zinaruhusu mkurugenzi agawe kura kulingana na nchi anazoziwakilisha.

Hata hivyo, kura rasmi huhesabiwa mara chache. Mwenyekiti, ambaye ni rais wa benki na hana kura ila pande mbili zikifungana, husikiliza wasemaji na kutangaza mwelekeo wa kikao. Kwa hiyo kazi hufanyika kabla ya kikao, nyaraka zikiwa bado mezani kwa wakurugenzi. Barua ya maelekezo inayosema tu kwamba "nchi inaunga mkono" haimsaidii mkurugenzi. Inayofaa hutaja aya, neno linalotakiwa kubadilishwa, sababu yake, na kiwango ambacho nchi itakubali kushuka. Nchi tatu za kundi moja zikiandika ombi lile lile kabla ya kikao, mkurugenzi ana kitu cha kusimamia. Likifika asubuhi ya kikao, limechelewa.

Kuna mahali ambapo kura huhesabiwa kwelikweli. Rais wa AfDB huchaguliwa na magavana, na lazima apate wingi wa kura zote na pia wingi wa kura za nchi za Afrika. Mei 2025 Sidi Ould Tah alishinda katika duru ya tatu kwa 76.18%. Rais wa Benki ya Dunia huchaguliwa na bodi ya wakurugenzi, na hadi leo wote wamekuwa raia wa Marekani.

Bunge nalo lina nafasi, na linaitumia kidogo mno. Sheria ya Marekani ya mwaka 1989 humzuia mkurugenzi wake kuunga mkono mradi wenye athari kubwa kwa mazingira ikiwa tathmini ya athari hizo haikutolewa angalau siku 120 kabla ya kura. Sheria ya nchi moja imezisukuma benki hizi kutangaza tathmini mapema, na wanakijiji wanaoishi kwenye njia ya bwawa au barabara wamepata muda wa kuisoma. Bunge lolote laweza kuanza na machache: kudai nakala ya makubaliano ya kundi, kuuliza ni hisa zipi hazijalipiwa na mwisho wake lini, na kutaka waziri aeleze alimwelekeza nini mkurugenzi juu ya kila mkopo wa nchi kabla haujapitishwa.