Pinga: kuamia jarife ili pomboo asinaswe

Aliyelelewa Bahi au Chamwino anajua kuamia. Uwele ukianza kukomaa, kwelea kwelea hushuka shambani kwa maelfu, na mtoto hushinda juu ya dungu na debe bovu na kombeo, akipiga kelele tangu alfajiri. Naanzia shambani kwa sababu ndiko nilikoielewa pinga, kifaa cha baharini ambacho sisi wa Dodoma, zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani, hatukutani nacho.

Pinga ni kibomba kidogo chenye betri ndani, hufungwa kwenye kamba ya jarife, wavu mkubwa wa kutega samaki, na kutoa mlio majini ili pomboo aukwepe wavu. Jina limetokana na mlio wenyewe, "ping". Kufanana na kitenzi chetu kupinga ni sadfa, ila imeangukia pazuri. Pinga za mwanzo zililia kwa kilohezi 10, sauti ambayo hata sikio la binadamu huisikia, mara moja kila sekunde 4.

Kwa nini sauti? Pomboo si samaki. Ana mapafu, na lazima apande juu kuvuta hewa. Akinaswa chini ya maji, anakufa kwa kukosa pumzi. Njia yake huitafuta kwa masikio: hutoa milio mifupi ya haraka, kisha husikiliza mwangwi unaorudi. Lakini uzi wa nailoni ni mwembamba mno, mwangwi wake ni hafifu, na pomboo anayemfukuza samaki hana muda wa kuuchunguza. Sauti, kwa upande wake, husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kwa hiyo pinga humfikia mnyama akiwa bado mbali na jarife, ana nafasi ya kugeuka.

Jaribio lililowashawishi wengi lilifanyika mwaka 1994 katika Ghuba ya Maine, Marekani. Huko anayenaswa ni jamaa mdogo wa pomboo, mfupi, mnene, mwenye pua butu. Baadhi ya nyavu zilifungwa pinga zinazolia, nyingine pinga zinazofanana nazo lakini bubu. Katika nyavu 423 zenye pinga bubu walinaswa 25. Katika nyavu 421 zenye pinga zinazolia walinaswa 2. Na samaki waliokusudiwa na wavuvi hawakupungua, jambo ambalo kwangu lina uzito uleule, kwani hakuna mvuvi atakayefunga kifaa kinachomfukuzia riziki.

Hata hivyo si kila mnyama ni mwoga. Kwelea kwelea huzoea debe: siku ya kwanza wingu zima linaruka, baada ya wiki wanahamia mstari wa pili tu. Baharini ni vivyo hivyo. Yule mdogo wa Maine ni mwepesi wa kushtuka. Pomboo wakubwa zaidi, wa aina ya wale wanaofuatwa na watalii Kizimkazi, Zanzibar, ni wadadisi, na wengine wamejifunza kuchopoa samaki nyavuni. Kwao matokeo ya pinga yamekuwa ya kupanda na kushuka. Sili, wanyama wa baharini wanaokula samaki, na jamaa zao wanaweza hata kuugeuza mlio kuwa mwito wa chakula. Ndiyo maana naona ni kosa kuichukua pinga kama dawa ya bahari zote. Lazima ijaribiwe kwa mnyama wa mahali husika. Nalisema hili hapa Dodoma makusudi, maana Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko Mtumba, na kanuni za uvuvi wa Tanzania Bara huandaliwa na watu ambao ni majirani zetu.

Jambo jingine ni betri. Pinga hupangwa kwa nafasi, tuseme kila mita 100, ili mlio wa moja ukutane na wa jirani yake. Jarife la nusu kilomita linahitaji sita, kuanzia ncha hadi ncha. Moja ikizimika, panabaki pengo la kimya katikati ya milio, kama kona ya shamba ambayo mwamiaji wake amelala. Kwa hiyo mvuvi anapokaa mchangani kushona matundu ya jarife lake, pinga nazo zinataka kushikwa moja moja na kujaribiwa kama bado zinalia.