Kutambua ubao wa zamani usiojulikana ni wa mti gani

Ubao wa zamani uliotolewa kwenye sakafu, dari au kabati lililovunjwa mara nyingi hufika mikononi mwa fundi bila jina, na wengi huupa jina kwa kutazama rangi tu. Katika kazi yangu ya kutambua mbao, rangi ndiyo sifa ninayoiamini kidogo kuliko zote, kwa sababu ndiyo ya kwanza kubadilishwa na miaka. Mbao za mcheri hukolea zinapopigwa na mwanga, za mjozi hupauka, na karibu kila ubao ukiachwa kwenye jua na mvua huishia kuwa wa kijivu. Ukiongeza juu yake moshi, nta na vanishi ya zamani, miti isiyo na undugu wowote hufanana kabisa. Mpangilio wa chembe za ndani, kwa upande mwingine, hubaki kama ulivyokuwa siku mti ulipokatwa.

Mpangilio huo huonekana vizuri zaidi kwenye mwisho wa ubao, pale nyuzi zilipokatwa kikingamo. Baada ya kung'oa misumari yote, kata kipande kidogo upate uso mpya, kisha chukua wembe mpya na ukwangue eneo la milimita chache kwa mkato mmoja mwembamba. Hapa nasisitiza sana, kwa kuwa utambuzi mwingi huharibikia hatua hii: msumeno huchana nyuzi na msasa huziba vitundu kwa vumbi, kwa hiyo uso uliokatwa kwa zana hizo hauonyeshi kitu cha kutegemewa. Ubao ukiwa mgumu, lowesha kidogo kabla ya kukata. Kisha sogeza lenzi inayokuza mara 10 karibu kabisa na jicho, na ulete ubao kwenye lenzi hadi picha itulie.

Swali la kwanza ni kama kuna vitundu. Vitundu ni midomo ya mirija iliyopandisha maji kutoka mizizini, na misonobari na jamaa zake hawana mirija hiyo. Badala yake, msonobari huonyesha nukta chache za mifereji ya utomvu. Vitundu vikiwepo, tazama vilivyopangwa. Katika miti mingine vile vikubwa hujipanga mstari mwanzoni mwa kila pete ya ukuaji, na katika mingine hutawanyika kwa ukubwa unaokaribiana. Halafu tazama miale, yaani mistari inayotoka katikati ya mti kuelekea kwenye gome. Katika mwaloni baadhi yake ni mipana kiasi cha kuonekana bila lenzi.

Mfano mzuri ni mtiki na mvule, ambazo zikizeeka zote huwa na rangi ya kahawia ya dhahabu, na ambazo huuzwa kwa jina moja mara nyingi kuliko inavyopaswa. Chini ya lenzi mtiki huonyesha mstari wa vitundu vikubwa mwanzoni mwa pete, na ubao wenyewe huhisi una mafuta ukiugusa. Mvule hauna mstari huo: vitundu vyake vimetawanyika, na kila kimoja kimezungukwa na tishu nyeupe kidogo inayotanuka pembeni kama mabawa, hadi mabawa ya jirani yakutane. Ndani ya mvule pia huweza kuwamo mawe ya chokaa, ambayo seremala huyagundua pale randa inapopoteza makali ghafla.

Uzito husaidia kukataa jina kuliko kulithibitisha. Kipande kikavu cha sentimita 10 kwa 5 kwa 2 kina sentimita za ujazo 100. Kikiwa na gramu 65, ubao huo una kilo 650 kwa mita ya ujazo, ambayo ni kadiri ya mtiki na pia ya mvule, lakini haiwezi kuwa mpingo, ambao hupita kilo 1,000 na kuzama majini. Harufu ya uso mpya nayo ina faida yake. Kuonja ninakataza, kwa kuwa mbao za zamani huenda zilipakwa dawa ya wadudu au rangi yenye risasi. Vaa barakoa pia, maana tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu.

Lenzi kwa kawaida hukufikisha kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na kwa meza au mlango hilo hutosha. Ukitaka kwenda mbali zaidi, kanzidata ya InsideWood hukuruhusu kutafuta mti kwa sifa zake, ikifuata orodha ya sifa 163 iliyotolewa na IAWA, chama cha kimataifa cha wanaanatomia wa mbao, mwaka 1989, ingawa nyingi kati ya hizo zinahitaji hadubini. Pale ninapoona dalili za Dalbergia, jenasi ya mpingo na jamaa zake, siridhiki na lenzi. Dalbergia nigra ya Brazili imo tangu 1992 katika Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na karibu jenasi yote iliyobaki iliingizwa katika Kiambatisho cha II Januari 2017, kwa hiyo kabla ya kuuza au kuvusha mpaka kitu kilichotengenezwa kwa ubao wa namna hiyo, peleka sampuli kwenye maabara ya anatomia ya mbao na upate jibu la maandishi.