Hilux ya zamani huuawa na joto, si kilomita

Wanaoniletea Hilux za zamani zenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L au 5L (ni majina ya injini, si lita) huanza kwa kuulizia oili. Sawa, imwage kila kilomita 5,000 ukabadilishe na filta, basi. Mimi nikifungua boneti naanza na rejeta. Dizeli hizi zisizo na tabo hazichoki upesi. Kinachoziua ni kuchemsha. Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ikishapasuka, wengine huishia kuuza gari kwa bei ya chuma chakavu.

Maji ya bomba au ya kisima yana madini, nayo huacha ukoko mweupe kama wa ndani ya birika, mpaka mirija ya rejeta inaziba. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Halafu uangalie mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo ambacho karibu hakuna anayekikumbuka. Springi yake hubana mgandamizo, ndiyo maana maji hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Mpira wake ukichoka, utaujua ubaya wake ukipanda mlima Kitonga na mzigo.

Wapo mafundi wenzangu wanaong'oa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti gari lipoe. Hapo tunagombana. Dizeli isiyofikia joto lake hula mafuta, hutoa moshi na silinda zake hulika haraka. Gari likichemsha, tafuta sababu: rejeta imeziba, pampu ya maji inavuja au klachi ya feni imelegea. Wala usiitegemee geji peke yake, kwa kuwa maji yakikauka sensa hubaki hewani, mshale ukashuka, nawe ukafurahi kwamba gari limepoa. Ikikutokea, zima injini usubiri. Usiimwagie maji ya baridi ingali ya moto.

Mkanda wa taimingi, unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Nyingi zilizotoka Japani zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ila kwa gari la mtumba nani anajua kama odomita haikurudishwa nyuma, au balbu haikutolewa? Ukilinunua tu, badilisha mkanda pamoja na rola yake. Ukikatika safarini, pistoni hugonga valvu.

Pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa humo huila taratibu. Legeza koki ya chini ya filta mara kwa mara, maji yatoke.

Krosi za propela, yaani viungo vya ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, zipigwe grisi kila sevisi. Kwa walioko Tanga na Dar es Salaam kuna kazi ya ziada: oshea chasisi maji yasiyo na chumvi, kisha gonga kwa nyundo ndogo pale springi za nyuma zinapofungwa. Ukisikia mdundo butu badala ya mlio wa chuma, kutu imekula kwa ndani. Rangi haitasaidia; mwite mchomeleaji kabla hujapakia mzigo mwingine.