Pai ya molasi ya Waamish: kazi yote iko chini

Krismasi ya pili huku Lancaster, Pennsylvania, ni tarehe 26 Desemba, siku ambayo nyumbani tunaiita Boxing Day. Majirani zangu Waamish, wale Wakristo wenye asili ya Ulaya wanaoishi maisha ya kizamani, tarehe 25 wanatulia na familia, hamna mti wa kupambwa wala Santa, kesho yake ndo kutembeleana na kula, na mtu haendi mikono mitupu. Mimi kazi yangu ni kuoka, mikate na keki, basi kila wakinialika nabeba shoofly, ndo hiyo pai ya molasi. Jamani, kumpelekea Mwamish shoofly ni sawa na kumpelekea bibi wa Zanzibar mkate wa kumimina, ujue tu unaenda kukaguliwa.

Jina lenyewe wengi wanalieleza hivi: shoo ni sauti ya kufukuza mdudu au kuku, fly ni nzi. Pai ya molasi ukiiweka dirishani ipoe, nzi wa mtaa mzima wanapata taarifa. Na kuiita ya Amish peke yao sio haki sana, ni ya wale Wajerumani wa Pennsylvania kwa ujumla, na Waamish wamo. Wanaofuatilia historia ya vyakula wanasema ilianza kama keki ya mwaka 1876, Marekani ilipotimiza miaka 100, ganda la pai likaja baadaye, na kwa kweli lile ganda ni akili maana asubuhi unashika kipande mkononi, mkono mwingine una kahawa.

Molasi wengi wetu tunaijua kama chakula cha ng'ombe. Mi nimekulia Morogoro upande wa mashamba ya miwa, madumu yalikuwa yanapita kwenye trekta yanavuja njia nzima, mpaka leo nikifungua chupa ya molasi naona vumbi. Ya kuokea chukua ile laini ya mezani. Ile nyeusi tii inayobaki sukari ikishachemshwa na kutolewa mara tatu ni chungu, itakuharibia pai.

Sasa ganda. Unga wa ngano gramu 160, chumvi kidogo, siagi ya baridi gramu 110. Wazee huku wanatumia mafuta ya nguruwe, asiyekula atumie siagi au mafuta ya mgando, inatoka vizuri tu. Sugua kwa vidole, usiimalize siagi yote, acha vipande vya ukubwa wa punje ya njegere, tia maji ya barafu vijiko vitatu vinne, ukishaona inashikana acha, usikande kama chapati! Friji nusu saa, sukuma, tandika kwenye sahani ya pai ya sentimita 23.

Halafu chenga za juu: unga gramu 125, sukari ya kahawia gramu 140, siagi kijiko kimoja kikubwa, sugua mpaka iwe kama mchanga wenye unyevu. Weka pembeni nusu kikombe. Mdalasini tia kama unapenda, mi natia kidogo, karafuu hapana, inataka kuwa bosi.

Hapa kwenye uji wa chini ndo penyewe. Piga yai moja na molasi kikombe kimoja, vichanganyike kabisa. Kwenye bakuli lingine maji ya moto robo tatu ya kikombe, tia bekingi soda kijiko kimoja cha chai (sio magadi ya kuchemshia maharage tafadhali), halafu mimina taratibu kwenye molasi huku unakoroga. Mwaka wangu wa kwanza nilijifanya najua, nikamwagia maji yanayotokota juu ya yai likiwa peke yake. Likaiva. Nakata pai mbele ya watu, nyuzi nyeupe zinaning'inia kama tambi. Mama mwenye nyumba alikula kipande chote kimya kimya, akafuta mdomo, akasema mwakani anza na molasi. Basi.

Molasi ina asidi kidogo, kwa hiyo ikikutana na soda povu la kahawia linapanda hapo hapo na halikusubiri. Ndo maana oveni iwe imeshapata moto nyuzi 220, ganda limeshatandikwa, simu iko mbali. Changanya zile chenga nyingi kwenye uji, mimina kwenye ganda, ile nusu kikombe nyunyiza juu, ingiza. Humo ndani inajigawa yenyewe bila wewe kufanya kitu: molasi nzito inabaki chini nzito nzito kama asali, chenga zilizolowa zinapanda na povu zinakuwa keki katikati, za juu zinabaki kavu. Ukizembea dakika kumi mezani povu linakufa, unapata tofali tamu.

Weka rafu ya chini kabisa ili ganda liive kabla halijalowa. Dakika 10 za mwanzo moto ule ule wa 220, halafu shusha mpaka 175, kama dakika 30 au 35 hivi. Itikise kidogo: pembeni pasimame, katikati patetemeke kidogo kama uji uliofanya utando juu. Ukisubiri katikati pakauke umeshachelewa, hiyo sasa ni ile ya chini kavu, ambayo kuna watu wanaipenda hivyo na sitaki ugomvi nao. Iache ipoe kabisa, masaa matatu, maana ukikata ya moto chini yote inakimbilia kwenye sahani.

Aliyeko Dar au Mombasa na hapati molasi ya chakula, ya ng'ombe usiiguse, haikutengenezwa kwa ajili ya watu. Yeyusha sukari guru gramu 250 na maji nusu kikombe mpaka iwe nzito kama asali, iache ipoe, kamulia ndimu kijiko cha chai ili soda ipate cha kufanyia kazi. Nimejaribu, ladha sio ile ile ila inaliwa vizuri sana.

Ikibaki ifunike na kitambaa tu, friji inalegeza ganda. Asubuhi mi nakula na chai ya tangawizi, wenyeji wao ni kahawa nyeusi, na kuna mzee mmoja anakitumbukiza kipande kizima humo humo kikombeni halafu anakila kwa kijiko.