Mtoto wa jicho akikomaa sana, tunamtoaje?

Bado wapo wagonjwa wanaoshauriwa mtaani, "Ngoja aive kwanza, ndipo ukatolewe." Ushauri huo ulikuwa na mantiki zamani. Leo unamwongezea mgonjwa hatari bure.

Lenzi ya jicho hukaa ndani ya kifuko chembamba mno. Daktari huchana tundu la duara upande wa mbele wa kifuko, huitoa lenzi iliyofifia, ambayo ndiyo mtoto wa jicho mwenyewe, kisha huweka ya bandia humohumo. Mtoto wa jicho akishakuwa mweupe pe, kifuko hakionekani vizuri hata kwa hadubini. Hapo tunatumia rangi ya bluu iitwayo tripani, inayokipaka kifuko ili tuone tunachochana. Lakini lenzi hiyo mara nyingi imevimba kwa majimaji. Sindano ikigusa tu, kifuko kinaweza kupasuka pande zote mbili na kuacha mstari mweupe katikati ya bluu. Madaktari wameipa ajali hiyo jina la bendera ya Argentina. Kuizuia, tunajaza jeli nzito mbele ya lenzi, kisha tunanyonya majimaji kwanza. Haraka haina nafasi hapa.

Mtoto wa jicho aliyegeuka kahawia na kuwa mgumu ana shida nyingine. Mashine ya fako huivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti kupitia mkato wa milimita 2 hadi 3, ila lenzi ngumu hudai nguvu nyingi, na nguvu hiyo huweza kuumiza seli za ndani ya konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, ambazo zikifa hazioti tena. Mara nyingi ni salama zaidi kufungua mkato wa milimita 6 au 7 kwenye weupe wa jicho, uliokatwa kwa mshazari ili ujifunge wenyewe bila nyuzi, na kuitoa lenzi nzima. Utafiti wa Nepal wa mwaka 2007, ulioongozwa na Dkt. Sanduk Ruit, ulizilinganisha njia hizi mbili: zote zilirejesha uoni vizuri sana, na ya mkato mpana ilikuwa ya haraka na nafuu zaidi. Kwa hiyo usidhani umepewa huduma hafifu kwa kuwa hukufanyiwa kwa mashine.

Wazee wanaotumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume watuambie mapema. Dawa hiyo hulegeza misuli ya mboni, ikasinyaa katikati ya upasuaji. Tukijua, tunaandaa vikulabu au pete ya kuitanua. Kuiacha dawa siku chache kabla hakusaidii. Njoo na pakiti yake tuione.