Kwa Nini Gharama za Miradi ya Usafiri wa Umma Huvuka Makadirio

Sisi wakadiriaji majenzi huulizwa mara kwa mara swali moja: ikiwa mkataba ulisainiwa kwa bei inayojulikana, fedha zilizoongezeka zimetoka wapi? Wengi hujijibu kuwa zimeliwa. Wizi upo na haufai kufumbiwa macho, lakini mara nyingi kasoro huwa imeshaingia kabla mkandarasi hajaleta mtambo wake wa kwanza, tangu siku bei ilipotangazwa ilhali usanifu haujakamilika na ardhi haijachimbwa kujua kilichomo. Utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 baada ya kupitia miradi 258 ya usafiri, ulikuta kwamba takribani miradi tisa katika kila kumi ilivuka makadirio, na kwa upande wa reli ongezeko lilifikia wastani wa asilimia 45.

Mfano ulio wazi ni tramu, yaani treni nyepesi zinazopita barabarani, za Edinburgh, Uskoti. Chini ya barabara za mji ule mkongwe kulikuwa na mabomba ya maji, gesi na nyaya za miaka mingi, ambayo yalipaswa kuhamishwa kabla ya kutandika reli. Mafundi walipofukua, walikuta mabomba yamepita mahali ambapo michoro haikuyaonyesha. Hata hivyo mkataba mkuu ulisainiwa Mei 2008, wakati uhamishaji haujaisha na usanifu bado unaendelea. Wananchi waliambiwa kuwa sehemu kubwa ya bei haitabadilika, lakini ndani ya mkataba bei hiyo ilisimama juu ya orodha ndefu ya masharti, na kila sharti lililokosa kutimia lilimpa mkandarasi haki ya kudai nyongeza. Mkataba wa namna hiyo, kwa maoni yangu, haufai kuitwa wa bei isiyobadilika. Kufikia Februari 2009 upande wa jiji na mkandarasi walikuwa wanagombana na kazi imekwama katika barabara kuu ya Princes Street. Bajeti ya pauni milioni 545 ikaishia milioni 776, njia ikakatishwa katikati ya mji badala ya kufika Newhaven, mtaa wa pwani kaskazini mwa mji huo, na abiria wa kwanza akapanda Mei 2014, miaka mitatu baada ya tarehe iliyoahidiwa.

Kupanda kwa bei za chuma na saruji huchangia pia, na kwa nchi zetu zinazokopa kwa dola, kushuka kwa shilingi huongeza mzigo. Fidia ya ardhi ikichelewa, mitambo hulala huku gharama zake zikihesabika, na hati ya malipo ikikaa mezani kupita muda wa mkataba, mkandarasi hudai riba.

Kipande cha kwenda Newhaven kilijengwa baadaye. Safari hii kila eneo lilifungwa mara moja tu, mabomba yakahamishwa kwanza na reli ikafuata, na fungu la tahadhari likatengwa mapema ndani ya bajeti. Kilifunguliwa Juni 2023, ndani ya pauni milioni 207 zilizoidhinishwa mwaka 2019.